Je, kuiacha IST ya petroli na kuchukua gari la umeme kunayasaidia mazingira, au tunahamisha moshi tu?

#1 Mwalimu_Mbezi
Salaam wakuu. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya lita 1.3, niliyoinunua yadi mwaka 2013, na sasa mita yake inasoma kilomita 231,000. Shemeji yangu, ambaye tangu aache sigara amejiteua kuwa mlinzi wa mapafu ya ukoo mzima, hunisimanga kila Jumapili kwamba naendesha jiko la mkaa lenye magurudumu. Anataka niiuze nichukue Nissan Leaf iliyotumika Japani. Hoja yangu kwake ni kwamba chuma cha IST kilishayeyushwa na rangi yake ilishapigwa zaidi ya miaka 20 iliyopita, kwa hiyo uchafuzi wa kuitengeneza hauwezi kufutwa wala hauongezeki, ilhali gari jipya la umeme linaanza upya kwa kuchimba, kuyeyusha na kusafirisha. Kwa mwaka natembea kama kilomita 12,000, na kwa foleni za Morogoro Road lita moja hunipeleka kilomita 12. Anayejibu naomba aje na hesabu. Mahubiri ninayo ya kutosha nyumbani.

#2 Mzee_wa_Jamvi
Mwalimu, shemeji yako anataka lifti ya gari jipya. Mazingira yamesingiziwa.

#3 Moshi_Mweupe
Usiiuze, mwalimu. Kutengeneza betri moja tu ya gari la umeme kunachafua hewa sawa na kuendesha gari la petroli kwa miaka 8. Jambo hili lilishathibitishwa huko Sweden, na wauzaji wa magari hayo hawapendi lisemwe.

#4 Laini_Kuu
Ndugu Moshi_Mweupe, habari hiyo ni ya mwaka 2017 na ilipotoshwa njiani. Taasisi ya utafiti wa mazingira ya Sweden, IVL, ilikadiria kwamba kila kilowati-saa ya ukubwa wa betri ilitoa kilo 150 hadi 200 za hewa ya ukaa wakati wa kutengenezwa. Magazeti yakachukua betri kubwa kupita zote, ya kilowati-saa 100, yakailinganisha na gari la kawaida la petroli, na hapo ndipo miaka 8 ilipozaliwa. Mwaka 2019 taasisi hiyo hiyo ilitoa makadirio mapya ya kilo 61 hadi 106, kwa sababu viwanda vilikuwa vimekua na takwimu zimeboreka. Leaf ya kwanza ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24. Hata tukikadiria kilo 100 kwa kila moja, ni tani 2.4.

Sasa hesabu aliyoiomba mwalimu. Kilomita 12,000 kwa kilomita 12 kwa lita ni lita 1,000 kwa mwaka. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa, kwa hiyo kwenye ekzosi peke yake ni tani 2.3, na ukiongeza uchimbaji, usafishaji na meli ya kuyaleta mafuta hayo bandarini inakaribia tani 2.8. Leaf hutumia kama uniti 18, yaani kilowati-saa 18, kwa kilomita 100 pamoja na kinachopotea wakati wa kuchaji, yaani uniti 2,160 kwa mwaka. Zikitoka zote kwenye mitambo ya gesi, pamoja na umeme unaopotea njiani, ni tani 1.1 hivi. Zikitoka kwenye maji, ni kiasi kidogo sana. Nimestaafu kazi ya umeme, kwa hiyo mnaweza kunishuku kwa upande mmoja tu.

#5 Mwalimu_Mbezi
Ahsante mzee wangu. Ina maana hata kwa umeme wa gesi tupu Leaf inatoa chini ya nusu ya IST?

#6 Laini_Kuu
Ndiyo. Mota ya umeme hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa mwendo, ilhali injini ya petroli hupoteza zaidi ya theluthi mbili ya mafuta kama joto. Ukikaa kwenye foleni ya Kimara huku injini inaunguruma, unapasha moto barabara kwa gharama yako.

#7 Mchambuzi_Huru
Hesabu ni nzuri, lakini kampuni ya Volvo wenyewe walikiri mwaka 2021 kwamba gari lao la umeme linahitaji kutembea kilomita 110,000 kabla halijalifikia la petroli kwa usafi. Mwalimu akitembea 12,000 kwa mwaka ni zaidi ya miaka 9. Betri ya Leaf iliyokwishatumika itafika huko?

#8 Kalamu_Nyekundu
Mchambuzi, umechukua namba moja kati ya tatu. Kilomita 110,000 ni kwa umeme wa wastani wa dunia nzima, ambao una makaa ya mawe mengi. Kwa umeme wa Ulaya walipata 77,000, na kwa umeme wa upepo 49,000. Lakini hilo si kosa kubwa. Kosa kubwa ni kwamba Volvo walilinganisha gari jipya la umeme na gari jipya la petroli, wote wawili wakianzia kiwandani. Mwalimu hachagui kati ya mapya mawili. Anachagua kati ya gari kuukuu alilo nalo na jingine kuukuu lililoko Japani, ambayo yote mawili yalishatengenezwa. Hapo deni la kiwanda, yaani uchafuzi wa kulitengeneza gari, kwa upande wa Leaf linabaki kuwa safari ya meli na lile swali la nani angeinunua kama si yeye. Akitaka gari jipya kutoka China lenye betri ya kilowati-saa 50 au 60, hesabu ya kiwanda inarudi yote, na kwa makadirio yangu haitapungua tani 10.

#9 Kinyozi_wa_Kariakoo
Tani 10 za kitu kisichoonekana. Mimi kilo moja ya nyama ikipungua gramu 50 tunagombana na mwenye bucha.

#10 Fundi_Gerezani
Shikamoo mzee Laini_Kuu. Wengine habari zenu. Hesabu zenu zinachukulia kwamba IST ya mwalimu iko kama ilivyotoka kiwandani, na mimi ninayelala chini ya magari haya najua sivyo. IST ya kilomita 231,000 mara nyingi ringi zimechoka na inakula oili, plagi zimewekwa zile za bei rahisi, sensa ya oksijeni imekufa na taa ya injini imefunikwa kwa kipande cha gundi nyeusi ili mteja asiione. Halafu kuna kile kichujio kilichomo ndani ya ekzosi, chenye madini ya thamani kama platinamu, ambacho magari mengi yanayokuja gerejini kwangu hayana tena. Kimetobolewa kwa sababu kiliziba, au kimekatwa kikauzwa na mahali pake pakachomelewa bomba tupu. Gari la namna hiyo hewa yake ya ukaa inakaribia kuwa ile ile mliyoipigia hesabu, lakini moshi mchafu unaoingia puani mwa mtoto aliyesimama kituoni huongezeka sana. Mwalimu, kabla ya kufikiria Japani, mpe fundi wako saa mbili akague hivyo vitu.

#11 Mwalimu_Mbezi
Fundi, umenitia wasiwasi. Taa ya injini yangu haiwaki kabisa, hata nikiwasha ufunguo.

#12 Fundi_Gerezani
Ukiwasha ufunguo kabla injini haijanguruma, taa zote zinatakiwa kuwaka kwa muda mfupi, na hiyo pia. Kama haiwaki kabisa, ama glopu imeungua ama una kile kipande cha gundi.

#13 Limuru_Chai
Hamjambo ndugu wa Tanzania. Nami nina Leaf ya 2014 niliyoinunua yadi moja ya Nairobi mwaka 2021, kwa hiyo nitasema ya kwangu bila kusimuliwa. Kwenye dashibodi, kando ya kipimo cha chaji, kuna vijipau 12 vinavyoonyesha afya ya betri, na yangu ilikuja na 10, sasa vimebaki 9. Leaf za mwanzo hazina mfumo wa maji wa kupoza betri. Hutegemea hewa tu, na joto ndilo huzizeesha, jambo ambalo wenye magari hayo kule Arizona, Marekani, walilia nalo tangu 2012. Hapa Limuru kuna baridi, imenisaidia. Anayeishi Mombasa au Dar es Salaam alifikirie hilo kabla ya kulipa.

Mwaka juzi nilienda Naivasha kwa barabara ya chini. Kuteremka kuelekea Mai Mahiu ilikuwa raha, maana mota inageuka kuwa jenereta na chaji ilipanda badala ya kushuka, nikafika nikijiona bingwa. Nikaomba soketi ya kawaida kwenye hoteli niliyokula, nikachaji saa tatu, nikadhani inatosha. Kurudi nikapita barabara ya juu, na mlima ulimeza umeme kama ng'ombe mwenye kiu. Karibu na Kimende ikawaka kwenye dashibodi alama ya kobe, ambayo ni ya kiwanda kabisa, maana yake gari limejipunguzia nguvu. Lori la vitunguu likanipita, kisha trekta ikanipita, na dereva wa trekta akanipungia mkono kwa huruma.

#14 Mzee_wa_Jamvi
Kobe tangu lini akashindwa? Kwenye hadithi zote nilizosimuliwa kobe ndiye hufika wa kwanza.

#15 Limuru_Chai
Yule wa hadithi hakupandishwa Kimende, mzee. Ila niseme pia upande wa pili, maana sijutii. Umeme wa Kenya, takriban asilimia 90 hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua. Tangu 2023 kuna bei maalumu ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa uniti na 8 usiku, kwa sababu usiku mahitaji hushuka na visima vya mvuke havizimwi kama taa. Anayechaji saa nane za usiku anatumia kitu ambacho kingepotea.

#16 Mchambuzi_Huru
Hiyo ni Kenya. Kwetu tulikuwa gizani kwa mgao mwishoni mwa 2023, na leo mnataka tuchomeke magari ukutani?

#17 Laini_Kuu
Mgao ule ulitokea kabla Bwawa la Julius Nyerere halijaanza kuzalisha. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na bwawa zima lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Kabla ya hapo zaidi ya nusu ya umeme wetu ulikuwa wa gesi, na sasa maji yanaongoza. Hata hivyo sitaki kudanganya kwa kutumia wastani. Mwalimu akichomeka gari saa mbili usiku, nchi nzima ikiwa inapika, inapiga pasi na inatazama mpira, uniti yake ya ziada inaweza kuwa ni ya gesi ya Kinyerezi iliyoongezwa kasi, hata kama wastani wa siku unasema ni maji. Akichomeka saa tisa usiku, jibu linabadilika. Na mwaka wa ukame linabadilika tena. Kwa hiyo anayesema umeme wetu ni safi na anayesema ni wa gesi wanaweza wote kuwa sahihi ndani ya usiku mmoja.

#18 Mwana_wa_Katanga
Nawasalimu kutoka Lubumbashi. Nimesoma kurasa zote na bado hakuna aliyetaja Kolwezi, mji wa migodi wa huku kwetu Kongo. Takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka kwetu, na sehemu yake huchimbwa na vijana wanaoshuka kwenye mashimo ya mkono bila kofia wala nguzo. Ukija Kolwezi utaona mashimo ndani ya nyua za nyumba za watu, yamefunikwa turubai. Mnapohesabu tani za hewa ya ukaa, mto uliobadilika rangi mnauweka kwenye safu ipi ya hesabu?

#19 Kalamu_Nyekundu
Pole sana ndugu, na ni kweli hesabu ya kaboni haina safu hiyo. Nirekebishe mambo mawili tu. Betri za Leaf za mwanzo zilitegemea zaidi manganizi, na magari mengi mapya ya bei nafuu kutoka China hutumia betri za chuma na fosfati ambazo hazina kobalti kabisa. Pili, kobalti hutumika pia katika viwanda vya kusafisha mafuta ili kuondoa salfa, kwa hiyo hata petroli ya IST haiko mbali na huko kwenu kama tunavyodhani.

#20 Mwana_wa_Katanga
Nimekuelewa kuhusu fosfati. Lakini simu unayoandikia, kalamu, ina betri ya aina gani?

#21 Pwani_ya_Chongoleani
Mimi nipo Tanga. Kila mtu anaona uchafu wa betri kwa sababu ni mgeni, wa mafuta tumeshauzoea. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi hapa Chongoleani lina urefu wa kilomita 1,443, na kwa kuwa mafuta yale yana nta huganda yakipoa, hivyo bomba lote linatakiwa kupashwa joto kiasi cha nyuzi 50. Hebu mtu aniwekee joto hilo kwenye hesabu.

#22 Laini_Kuu
Mafuta ghafi yale ni ya kuuza nje, ndugu yangu, hayaendi moja kwa moja kwenye tangi la mwalimu. Lakini hoja yako kwamba mafuta hula nishati kabla hayajaungua ni ya kweli, ndiyo maana kule juu niliongeza ile nusu tani.

#23 Bi_Salma_Kisauni
Nami niseme la betri zikifa. Mombasa tuna kijiji cha Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwalisha watu madini ya risasi kwenye maji na vumbi, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri zile hazikuwa za magari ya umeme. Zilikuwa za asidi na risasi, kama iliyo chini ya boneti ya IST ya mwalimu, ambayo huibadilisha kila baada ya miaka miwili mitatu. Kama ile ndogo tuliyoizoea ilitushinda, ile ya kilo 300 tutaifanyaje?

#24 Fundi_Gerezani
Bi Salma, ile ya kilo 300 haitupwi. Kuna vijana wamekwisha kuanza kuulizia seli za Leaf zilizochoka ili wafunge kwenye sola za nyumbani, kwa sababu betri isiyoweza tena kupandisha gari mlimani bado inaweza kuwasha taa na friji. Ninachohofia ni mafundi wenzangu kuifungua bila glavu. Volti 360 hazina msamaha, na anayezoea kupima umeme wa gari kwa kugusisha waya mbili aache kabisa.

#25 Kinyozi_wa_Kariakoo
Mbona hamtaji gesi? Binamu yangu dereva wa teksi kafunga mfumo wa gesi asilia kwenye gari lake, mtungi uko kwenye buti, na anasema matumizi yameshuka karibu nusu. Mizigo ya abiria sasa inakaa mapajani mwao, ila yeye anacheka.

#26 Laini_Kuu
Gesi hupunguza hewa ya ukaa kwa takriban robo ikilinganishwa na petroli, mradi isivuje, maana gesi yenyewe ikivuja bila kuungua hupasha joto anga kuliko hewa ya ukaa. Kwa anayebaki na gari lake kuukuu ni njia ya katikati. Kwa foleni ya kujaza sitasema kitu.

#27 Mgeni_Oslo
Habari za huko. Hapa Norway mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, na watu wanajipongeza. Nilipouza gari langu la dizeli niliamini nimeondoa moshi duniani. Aliyelinunua alilipakia kwenye lori siku ile ile, pamoja na mengine matano, kwenda nje ya nchi.

#28 Kalamu_Nyekundu
Hapo ndugu wa Oslo amegusa kidonda. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilisema kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje, mengi yakitoka Ulaya, Japani na Marekani, na takriban asilimia 80 yakaishia nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani tunapouliza kama ni bora kubaki na gari kuukuu au kubadili, tunasahau kwamba gari kuukuu halifi. Mwalimu akiiuza IST, itakuwa teksi Sumbawanga kwa miaka 10 mingine, ikitembea mara tatu ya anavyotembea yeye.

#29 Sumbawanga_Juu
Tunaisubiri. Asitoe redio tu.

#30 Mchambuzi_Huru
Basi nimepata hoja yangu. Akiibakisha, IST inatembea 12,000. Akiiuza, inatembea 36,000 na Leaf inatembea 12,000 juu yake. Kubadili ndiko kunaongeza uchafu.

#31 Kalamu_Nyekundu
La hasha. Yule dereva wa Sumbawanga asipoipata IST hii hatatembea kwa miguu. Atachukua nyingine, labda iliyochoka zaidi. Ili hesabu yako isimame, inabidi utuonyeshe kwamba kuuzwa kwa IST moja kunazaa safari ambazo zisingekuwepo.

#32 Mchambuzi_Huru
Magari yakiwa mengi bei hushuka, na bei ikishuka anayepanda bodaboda anapanda teksi. Hiyo ndiyo kuzaa safari.

#33 Limuru_Chai
Nanyi mnasahau nani anatembea sana. Mwalimu akinunua gari jipya la umeme la zile tani 10 na kuokoa tani 2 hivi kwa mwaka, anahitaji miaka 5. Babangu mstaafu, anayeenda kanisani na sokoni tu, kilomita 3,000 kwa mwaka, atahitaji miaka 20, na mwenyewe ana miaka 78. Dereva wa teksi anayetembea 50,000 analipa deni hilo kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Ndiyo maana Kigali walianza na pikipiki za abiria, tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria lazima iwe ya umeme, na Nairobi mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria mwaka 2022, ilhali magari ya wastaafu hayajasumbuliwa.

#34 Mzee_wa_Jamvi
Msimuue baba wa watu kwa kikokotoo. Na Ethiopia mbona hamsemi? Wao Januari 2024 walizuia kabisa kuingiza magari yasiyo ya umeme.

#35 Laini_Kuu
Ethiopia karibu umeme wao wote ni wa maji, na petroli huinunua kwa fedha za kigeni ambazo ni adimu. Nadhani walizifikiria dola kabla ya moshi.

#36 Bi_Salma_Kisauni
Hata hivyo moshi umepungua. Nia ya mtu haiingii mapafuni.

#37 Mwalimu_Mbezi
Nimerudi. Fundi, nimewasha ufunguo asubuhi hii shemeji akiwa amesimama pembeni na kikombe cha chai. Taa zote ziliwaka isipokuwa ya injini. Nikamwita fundi wa hapa mtaani, akafungua kioo cha dashibodi, na akatoa kipande cha gundi nyeusi, kimekatwa vizuri kabisa kwa ukubwa wa alama yenyewe, kimeanza kujikunja ukingoni kwa uzee. Akawasha injini, na taa ikabaki inawaka. Kumbe miaka yote hii ilikuwa inawaka humo ndani. Alipoingia chini ya gari aliniambia ekzosi imechomelewa bomba katikati, na weldingi yenyewe ni ya zamani, ina kutu.

Shemeji hajasema kitu tangu hapo, na ukimya wake ndio unanisumbua. Swali langu sasa limebadilika: hicho kichujio cha ekzosi kikiwa kipya kinapatikana wapi, kwa bei gani, na nitajuaje kwamba nilichouziwa si gamba tupu?

#38 Fundi_Gerezani
Pole mwalimu. Halisi kipya bei yake itakufanya uikumbuke Leaf. Kuna vinavyotolewa kwenye magari yaliyopata ajali, lakini usinunue bila kukitikisa na kukichungulia kwa tochi. Ndani kinatakiwa kuonekana kama sega la nyuki, na kisipige kelele ya vitu vilivyovunjika. Njoo nacho nikikague kabla hujalipa.

#39 Moshi_Mweupe
Mwalimu, kabla hujakata tamaa, hiyo gundi ungeirudisha tu.